Muwa, babu na gego langu

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka saba, nikiishi kwa babu Turiani, Morogoro, kule ambako miwa imezunguka nyumba za watu. Meno yangu mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yameng'oka. Nilisharusha yote mawili juu ya paa, na kila asubuhi nilipapasa ufizi kwa ulimi.

Jioni moja babu alikata muwa kwa panga, akanipa pingili. Nikaibana kama nilivyozoea, haikukamatika. Meno ya chini yaligusa ganda, juu hapakuwa na ya kuyapokea. Nikajaribu kwa pembeni, ganda likanichana mdomo, nikaanza kulia.

"Lete hapa."

Babu akaegemeza chonge kwenye ukingo wa pingili, akabana, akavuta kichwa pembeni. Kra! Ganda likachanika utepe mrefu. Akachana wa pili, wa tatu, mpaka ile nyama nyeupe ikabaki wazi inavuja maji. Akamega kipande kwa meno ya mbele, akanitilia kiganjani.

"Hicho peleka nyuma, kwenye magego."

Nikatafuna, utamu ukanijaa koo. Yeye hakula.

"Babu, mbona wewe huli?"

Akapanua kinywa. Nyuma ya chonge palikuwa na ufizi mtupu, pande zote.

"Kukata nakata, kuchana nachana. Ya kusaga ndiyo yaliyooza, yakang'olewa moja moja. Hebu fungua na wewe." Akapitisha kidole mpaka mwisho wa taya. "Hili gego jipya. Hakuna lililong'oka kulipisha, sivyo? Basi likioza hili, halina mwenzake anayekuja."

Nimelea wanangu nikiyakumbuka maneno hayo. Gego hilo huota mtoto akikaribia miaka sita au saba, kimya kimya, nyuma ya yale 20 ya utotoni. Wazazi wengi huliona limetoboka wakasema litang'oka lenyewe, na kila nikisikia hivyo roho huniuma. Wanangu niliwamulika kwa tochi kila Jumapili.

Jioni ile nilimuuliza babu atakulaje muwa wake. Akanyoosha kidole uani, kwenye kinu cha bibi.

"Gego langu lile pale. Twanga, mjukuu wangu."

Nikatwanga pingili mbili. Akakamua makapi kwa mikono yote miwili kwenye kikombe cha bati, akanywa nusu taratibu, akanipa iliyobaki.