Njaa ya usiku huanzia asubuhi

Jumapili, usiku.

Leo naandika kuhusu ule ulaji unaofuatana na huzuni. Sisemi kuongeza sahani kwa sababu chakula ni kitamu, wala kula kwa sherehe. Nasema kusimama mbele ya kabati saa tano usiku, taa haijawashwa, mkono unaingia kwenye pakiti ya biskuti na kutoka, unaingia na kutoka. Utamu uliisha tangu biskuti ya nne, ila mkono haujapata habari.

Wengi wamezoea kusikia kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, humkosesha mtu hamu ya kula. Ni kweli kwa baadhi. Kwa wengine hamu hupanda, na madaktari huhesabu mabadiliko yote mawili kuwa dalili. Ipo hata sura ya sonona ambayo mtu hulala kupita kiasi, hula kupita kiasi, na mikono na miguu huwa mizito kana kwamba imefungiwa mawe. Mtu wa namna hii huteseka mara mbili, kwa sababu walio karibu naye wakimwona anakula husema, "Huyu hana shida, mbona anakula?" Jambo hilo linaniumiza kila ninapolifikiria.

Tuseme ukweli kwanza: chakula kinatuliza. Sukari na mafuta humpa mtu nafuu, na nafuu hiyo si ya kujidanganya. Shida ni kwamba haidumu. Baada yake huja aibu, na aibu huzaa kiapo: kesho sili kitu mpaka jioni. Mimi naona kiapo hicho ndicho kibaya kuliko pakiti nzima ya biskuti, maana ndicho kinachoandaa usiku unaofuata.

Mwili uliobanwa hulipiza. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe, kwa miezi 6. Wanaume hao walianza kuwaza chakula mchana na usiku, wakawa wanyonge na wenye hasira. Kizuizi kilipoondolewa, baadhi yao walikula hadi tumbo likauma na bado wakasema wana njaa. Hawakuwa walafi walipoanza. Walifanywa hivyo na njaa. Basi mtu aliyepitisha siku nzima kwa chai tupu, moyo umeinama, akifika usiku asijishangae.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haifanyiki usiku. Ni kurudisha milo kwenye saa zake: milo 3 na vitafunio 2 au 3, pengo kati ya kimoja na kingine lisizidi saa 4. Kwa mfano saa moja asubuhi, saa nne, saa saba mchana, saa kumi, saa moja jioni, na kitu kidogo saa tatu usiku kwa anayechelewa kulala. Fuata saa, usisubiri njaa. Sonona huvuruga ishara za tumbo. Mtu anaweza asihisi chochote mpaka alasiri, kisha njaa yote ikamwangukia kwa pamoja.

Hapa wengi hukwama wiki ya kwanza. Wanaona chakula ni kingi mno, wanaogopa kunenepa, wanaruka kifungua kinywa "kwa leo tu". Wengine wanakula kwa ratiba siku tatu, ya nne wanafakamia usiku, wanaamua mpango haufai. Mpango haujaharibika. Kufakamia hakukomi siku moja. Kwanza hupungua ukubwa, kisha huanza kuachana siku. Kanuni ninayoisimamia bila kulegea ni hii: baada ya usiku mbaya, mlo wa asubuhi uko palepale, saa ileile, hata kama ni kipande kimoja cha mkate na yai.

Na kupika? Mwenye huzuni nzito hana nguvu ya kumenya hata kitunguu, na ratiba nyingi nzuri hufia hapo. Siku yenye ahueni, chemsha mayai 6 uyaweke kwenye friji. Weka karibu vitu visivyodai sufuria: mkate, matunda, karanga, maziwa ya mtindi. Kila mlo uwe na kitu cha kushibisha kama yai, maharage, samaki au nyama, kwa kuwa mkate mtupu hauchukui muda kabla njaa haijarudi. Mlo wa ovyo ulioliwa saa saba una faida kuliko mlo kamili ulioahirishwa hadi usiku.

Kazi ya pili ni daftari. Si la kuhesabu kalori; nakuomba hesabu hizo uziache kabisa. Andika saa, ulichokula, ulipokuwa, alama ya nyota pale ulipohisi umeshindwa kujizuia, na kilichotangulia. Mstari mmoja unatosha:

"3:40 usiku. Biskuti, pakiti nzima. Nimesimama jikoni. *. Baada ya simu ya kaka. Sikula mchana."

Utazame mstari huo. Macho hukimbilia simu ya kaka, lakini maneno yenye uzito ni yale ya mwisho. Simu ilikuwa kiberiti. Kuni zilikuwa zimekauka tangu mchana. Andika papo hapo, kwa maana ukingoja hadi kulala utaandika hukumu badala ya tukio. Siku utakayotamani kulificha daftari ndiyo siku ambayo mstari wake unahitajika zaidi. Zikifika siku 7 hadi 10, lisome lote kwa mkupuo, ukitafuta mambo mawili tu: nyota zinakaa saa ngapi, na pengo gani la chakula lilizitangulia.

Sasa uchu wenyewe unapokuja. Husemwa kwamba njaa ya tumbo huja polepole na hukubali chakula chochote, ilhali uchu wa moyo hushtukiza na kutaka kitu kimoja mahususi. Ni kweli, lakini mara nyingi viwili hivi huja vimeshikana mikono, na mtu aliye ndani ya huzuni hawezi kukaa kuvichambua. Kwangu saa ya ukutani ni mwamuzi mzuri zaidi. Kama zimepita saa 4 tangu ule, kula mlo, ukiwa umekaa. Kama hazijapita, weka kengele ya dakika 20 utoke jikoni.

Uchu hupanda, hufika kilele, hushuka, hata usipolishwa. Dakika hizo zipe mikono kazi: kuoga, kukunja nguo, kutoka nje ya mlango, kumpigia mtu ambaye huhitaji kumweleza lolote. Simu ya kuperuzi haisaidii. Mkono mmoja unabaki huru. Orodha ya vitu hivi iandikwe mapema, ukiwa na ahueni, ibandikwe kwenye kabati, na kila kitu kiwe cha hatua moja au mbili. "Nenda ukafanye mazoezi" ni mlima kwa mtu ambaye hata viatu vimemshinda.

Dakika zikiisha na bado unakitaka, kipakue. Weka kiasi kwenye sahani, rudisha pakiti kabatini, kaa, kula. Huko si kushindwa. Ndiyo maana siungi mkono ushauri wa kufukuza kila kitamu nyumbani: kinachopigwa marufuku kabisa, siku kikiguswa mtu husema "nimeshaharibu" na kumaliza chote. Kununua pakiti ndogo ni jambo jingine, na linasaidia.

Usingizi pia. Mtu akilala kidogo, homoni ya njaa, ghrelini, huelekea kupanda, na leptini, inayoujulisha ubongo kwamba mwili una akiba, huelekea kushuka. Shikilia saa ya kuamka kwanza; ya kulala itafuata.

Ikiwa imeshatokea: kunywa maji, ondoa maganda na makaratasi, ulale. Usijitapishe na usinywe dawa za kuharisha. Haziondoi chote ulichokula, na huweza kushusha madini ya potasiamu mwilini hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Usipande mizani kesho yake asubuhi, maana itapima maji, chumvi na chakula kilicho bado tumboni. Mara moja kwa wiki inatosha, na anayeharibikiwa siku nzima na namba ile aiache kabisa.

Kuna hali ambazo daftari halitoshi. Kula kingi mno kwa muda mfupi huku ukihisi huwezi kuacha, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, kunatambuliwa kuwa ugonjwa kamili. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliupa nafasi yake katika mwongozo wake wa mwaka 2013, na tiba ya mazungumzo inausaidia. Huzuni nzito iliyozidi wiki 2, karibu kila siku, ipelekwe kwa mhudumu wa afya. Wazo la kujiua halingojwi hata siku moja. Mwambie mtu leo na utafute msaada leo.

Ukienda, beba daftari na majina ya dawa zote unazotumia. Baadhi ya dawa za akili, kama mirtazapini, olanzapini na amitriptilini, huongeza hamu ya kula. Usiache dawa mwenyewe. Mwambie daktari hamu ilianza kupanda lini, kabla ya dawa au baada yake, kwa kuwa kwa jibu hilo anaweza kubadilisha kipimo au dawa yenyewe.