Kumbukumbu ya majamvi ya chuo: mwaka mmoja na pima 450

Assalamu alaykum jamaa. Nlisema ntaandika kila mwezi na sikuandika, kwa hiyo leo naandika kwa pamoja ya mwaka mzima wa kusuka majamvi ya chuo chetu cha Kurani. Daftari liko mbele yangu, lile ambalo kila usiku natia pima ngapi nimesuka (pima ni urefu wa mikono miwili ilonyooshwa), na kuna kurasa hazina kitu kabisa, ntaeleza kwa nini.

Kwa asiekuwepo mwanzo: nlianza mfunguo mosi wa mwaka 2024, siku chache baada ya Idi. Chuo cha mtaani kwetu hapa nje kidogo ya Wete, Pemba, watoto walikuwa wanakaa kwenye mikeka ya plastiki ilochanika, ule wa nyuma umebaki nyuzi tu, mtoto akiinuka goti lina alama za saruji. Mie nimesoma chuo hicho hicho, enzi zetu kulikuwa na majamvi ya miyaa, yale majani ya kusukia, makubwa, yalosukwa na mabibi wa mtaa. Nkamwambia Maalim ntasuka majamvi sita, moja kwa kila safu. Akaniuliza peke yako? Nkasema peke yangu. Nlikuwa sijapiga hesabu.

Hesabu nlipiga usiku ule. Safu moja inataka jamvi la mita 5 kwa mita 1 na kidogo. Ukili, yaani ule mkanda unaosukwa kisha ukaungwa kuwa jamvi, wangu una upana wa vidole viwili, kwa hiyo jamvi moja linakula kama pima 75, mara sita ni 450. Mie nikitoka dukani, nikapika, nikalaza watoto, nasuka pima moja na robo kwa usiku mmoja, na hapo mkono mwepesi. Yaani mwaka kamili bila kuumwa, bila harusi, bila msiba, na kushona bado, maana ukishasuka ukili ndio kwanza unaanza kuuunga kwa shazia, ile sindano kubwa.

Miyaa nanunua kwa mama mmoja anaeileta kutoka Micheweni, ishakauka jua na imekuwa nyeupe. Watu huchanganya, ukindu ndio laini, wa mikeka mizuri ya kulalia, miyaa ni ngumu zaidi na ndio ya majamvi. Unachana, unaroweka kidogo tu ilainike, unasuka. Ukiroweka sana ndio kosa la kwanza la kila mtu, inasukika vizuri mkononi kama hariri, kisha ikikauka inasinyaa na ukili mzima unalegea, ukiushika juu unaona mwanga katikati. Pima zangu ishirini za mwanzo zote zilikuwa hivyo, nkazifumua.

Halafu mwanzo wa Mei kikaja kile kimbunga Hidaya, kilotua Mafia tarehe 4. Huku Pemba hakikutupiga wenyewe ila mvua ilinyesha haswa, boti zikasimamishwa, na masika yenyewe tayari yalikuwa mazito. Mie nimeweka mzigo wangu wa miyaa chini, juu ya gunia, pembeni ya ukuta. Siku naufungua una koga la kijani mpaka ndani, kama nusu umeoza. Bibi yangu aliguna tu akanionesha juu ya jiko lake la kuni, kuna vijiti viwili vimepitishwa na vitu vyake vyote vya kusukia vinaning'inia pale kwenye moshi, miaka yote naingia jikoni mule na sijawahi kujiuliza kwa nini. Tangu siku hiyo miyaa yangu inakaa kwa Bibi.

Sasa la rangi, hili ndilo lilonitoa machozi. Majamvi mawili ya mwanzo nlitaka yapendeze, nkanunua rangi ya unga nyekundu na kijani, nkachemsha miyaa kwenye debe, nkasuka mistari. Wallahi yalikuwa mazuri. Tukayatandika siku ya Jumamosi, watoto wanarukaruka. Ikafika alasiri wakaenda kutia udhu, wakarudi na miguu maji wakasimama safu. Walipotoka kwenye sijda magoti ya kanzu mekundu, viganja vyekundu, kuna mtoto mmoja ana kijani kipajini. Kina mama jioni wanafua kanzu za watoto na rangi haitoki. Hakuna alonitukana, lakini mama mmoja alinambia kwa upole, shoga hii kanzu nlimnunulia ya Idi. Nkalipa kanzu tatu, wengine walikataa pesa yangu.

Nlikaa wiki mbili sisuki. Hizo ndio kurasa tupu za kwanza.

Alonirudisha ni Bibi, nae wakati ule macho yake yana mtoto wa jicho, anaona kivuli tu. Nlimpelekea kipande cha jamvi, akakipapasa, akakinusa, akalowesha kidole akasugua. Akasema, mwanangu, hii rangi haijalala. Umechemsha ya kuuzia mgeni, anaening'iniza ukutani haikanyagi. Akanifundisha upya: maji yachemke kweli kweli, chumvi ya mkono mzima, miyaa ikae mpaka moto uzime wenyewe, kisha isuuzwe mpaka maji yatoke meupe, ianikwe kivulini. Akaniambia zamani wao wekundu walikuwa wanaupata kwenye magome ya mkandaa, na huo ulikuwa hautoki hata ufanyeje, lakini mie mikoko sitaki kuigusa, ishakatwa vya kutosha. Nkafata ya chumvi na nkaamua pia mahali pa miguu na kipaji pabaki peupe, rangi iende kwenye pindo tu. Kabla ya kutandika chochote nalowesha kitambaa cheupe, nakikalia juu ya jamvi usiku kucha. Kitambaa kikiwa na hata doa, jamvi linarudi.

Na hapo ndio nkaelewa kitu kilokuwa kimenipita. Makapu yangu ya kuuza nlikuwa nayakagua mara tatu tatu kwa kuogopa mteja. Haya ya chuo, kwa vile ni sadaka, nlijiona nishafanya wema tayari, nani atakagua. Mtoto wa miaka sita hawezi kurudisha bidhaa.

Kuhusu makapu: ndio yalokuwa yanalipia miyaa. Mwezi wa sita nlipata oda ya makapu 30 ya duka moja la wageni huko Unguja, nkaweka kila kitu pembeni, nkakopa kwenye mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu kununua ukindu, nkayapeleka kwa meli. Yakafika, wakasema rangi siyo waliyotaka, wakachukua manane. Hayo 22 yalirudi Pemba kwa nauli yangu. Niliyauza moja moja Chake na hapa Wete kwa bei ya chini, deni la mchezo lilinichukua mpaka mwezi wa kumi kulimaliza na wanawake wenzangu walinistahamilia, zamu yangu wakaisogeza mwisho. Sitaki kuandika mengi hapo.

Mpaka mwezi wa saba kwa hiyo nna jamvi moja na nusu zinazofaa. Shoga yangu akasema mbona hujatuita? Kweli sikuita, nlitaka liwe langu. Tukaanza kikoa, kazi ya pamoja, kila Jumapili baada ya alasiri barazani kwa Bibi, kila mtu anakuja na ukili alosuka kwake wiki nzima, tunakunywa chai, wengine wanachana, wengine wanashona. Mara ya kwanza walikuja tisa na pima zaidi ya arubaini. Mie peke yangu hizo ni mwezi na zaidi!

Tatizo vidole viwili vya huyu sio vidole viwili vya yule. Ukili mwengine mwembamba, mwengine mpana kama mkanda, ukiziunga jamvi linavutika upande mmoja na kufanya tumbo katikati. Nkakata vijiti vya ufito vya kipimo kimoja nkagawa kwa kila mtu, ikatengenea. Lakini zile za mwanzo tufanye nini? Kimoyomoyo nlitaka kuziweka pembeni kimya kimya. Bibi akakataa, akasema kila mtu anaujua ukili wake. Tukazipanga kwa upana, pana na pana, nyembamba na nyembamba, likatoka jamvi la tatu, halijanyooka sana na lina mistari ya ajabu, lipo safu ya nyuma. Hilo ndilo kina mama wakija kuchukua watoto wanalisimamia, anamuonesha mwenzake, ule pale wangu.

Msimu wa karafuu ulipoingia kikoa kikakatika. Kila mkono uko shambani, na usiku watu wanachambua, kutenganisha karafuu na makonyo, hakuna wa kusuka. Halafu jirani akaja na ombi, karafuu zake zimejaa uani, majamvi ya kuanikia hayamtoshi, wingu linakuja, na karafuu mbichi ikilala rundo moja usiku inaharibika. Akaniomba majamvi mawili ya chuo nlokuwa nimeyamaliza na bado sijayatandika. Nlisita, nasema kweli, nlihisi kifua kinabana. Nkampa. Yamekaa juani siku tano na karafuu juu yake, yakarudi na madoa ya kahawia na harufu ambayo haijatoka mpaka leo. Nliosha, nlianika, wapi. Nkamuuliza Maalim kama yanafaa, akainama akanusa akacheka, akasema watoto watasoma vizuri. Yapo safu ya kwanza na ya pili, na jirani yule alinilipa kwa pima 30 za ukili alosuka mkewe, safi kuliko wangu.

Jamvi la sita nlilimaliza Ramadhani ya mwezi wa tatu 2025, usiku, baada ya tarawehe. Tulitandika siku ya Alkhamis, kitambaa cheupe kilikuwa cheupe. Watoto wakaingia na miguu maji na mie nimesimama mlangoni sipumui mpaka wamesalimia sala yao.

Bibi kapasuliwa jicho moja mwezi wa kwanza, alhamdulillahi anaona. Kitu cha kwanza alotaka kuoneshwa ni lile jamvi la tatu. Kaliangalia muda mrefu, akasema nlilijua lilivyo, ila sikujua kama kijani kimekaa vile.

Sasa Maalim anasema watoto wameongezeka, wengine wanakaa ukumbini nje, kwa hiyo la saba linahitajika. La nje linataka ukili mnene zaidi, nafikiri majani 15 badala ya 11 ninayotumia, sijalijaribu, alosuka namna hiyo naomba anambie miyaa inachanwa upana gani. Mzigo mpya umekuja juzi uko juu ya moshi kwa Bibi, Jumapili kikoa kinarudi, na vijiti vya kipimo viwili vimepotea, ntakata vyengine kesho.