Siku moja na boila, Viwandani

Saa 11 na nusu alfajiri natoka Mukuru kwa miguu. Saa 12 nimeshika zamu. Tangu kiwanda kiweke vipimo vya maji vinavyojiendesha, watu husema kazi ya fundi wa boila, mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke, ni kutazama skrini tu. Waje wajaribu.

Mpaka saa 3 ni kujaza chumvi kwenye mtambo wa kulainisha maji, kusafisha vipimo, kisha kuchota maji ya boila na kuyapima kwa mkono, maana kipimo kikishika utando hudanganya bila haya.

Saa 4 mifereji ikakauka. Mgao. Likaja boza la maji ya kisima, likamwaga tangini. Punde king'ora kikalia: maji yanayoingia boila, ambayo kwetu hukaa chini ya maikrosimensi 200 (kipimo cha umeme unavyopita majini; chumvi ikizidi, nacho hupanda), yamepita 900. Vali ya kutoa maji machafu ikawa inajifungua kila mara, na maji moto tuliyoyachomea mafuta yanakwenda mtaroni.

Akaja msimamizi wa uzalishaji. "Fundi, zima hiyo kelele. Unanimalizia mafuta."

"Maji ndiyo mabaya, bosi."

"Mabaya vipi? Nimenawa nayo, sabuni imetoa povu safi!"

Sabuni ingetoa povu tu. Visima vingi vya Nairobi vina maji laini, yaani yenye kalisiamu na magnesiamu kidogo, lakini yana chumvi nyingi iitwayo bikaboneti ya sodiamu. Mtambo wetu huondoa kalisiamu na magnesiamu, bikaboneti inapita. Boila nalo likaanza kutoa povu, mvuke ukabeba matone. Tena bikaboneti hiyo ikipata moto hutoa kaboni dioksidi, inayotafuna mabomba ya kurudisha maji ya mvuke uliopoa.

Akasema hata melini hawana makelele haya. Wanayo! Meli huchemsha maji ya bahari na kukusanya mvuke wake ili ipate maji ya boila. Bahari ikivuja kidogo tu kwenye kondensa, chombo cha kupoza mvuke uwe maji, king'ora kinalia vilevile, na hapo hakuna boza la kulaumu.

Akaondoka, akarudi, akampigia meneja, akarudi tena. Sikumbuki saa ngapi watu wa pasi za mvuke walileta vitambaa vyenye madoa ya maji. Chai yangu ilikuwa imeshapoa. Msimamizi aliviangalia, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa tufanyeje?" Nikamwambia tupunguze mzigo wa mvuke, na vali tuiache ifanye kazi yake.

Mifereji ilirudi jioni. Nikamkabidhi mwenzangu wa usiku zamu na onyo moja: asiguse kiwango cha king'ora, hata akiagizwa na nani. Boza lingine linakuja kesho. Nimeshamwambia mlinzi wa geti asiliruhusu kumwaga kabla sijachota chupa moja nikapima.