Laptopu ya gemu iliyozeeka na joto la Kisumu

Laptopu nyingi za gemu zinazouzwa mitumba huku kwetu ni za kati ya 2016 na 2019: prosesa ya Core i7-7700HQ, kadi ya picha ya GTX 1050 Ti au 1060, RAM ya GB 8 na diski ya kuzunguka. Gemu ikianza kukwamakwama, mwenyewe hukimbilia kununua RAM. Uliza kwanza inakwama lini. Ikikwama tangu mwanzo, huenda RAM ni haba kweli. Ikienda vizuri dakika kumi kisha ikachoka, hilo ni joto, na RAM yako mpya haitalipunguza hata nyuzi moja.

Kwa hiyo pima. HWiNFO, programu ya kuonyesha joto na kasi, ni ya bure. Iwashe, cheza nusu saa, kisha tazama joto la juu kabisa la prosesa na kasi yake wakati huo. Kikomo cha 7700HQ ni nyuzi 100. Kasi yake ya msingi ni 2.8 GHz, na kori zote zikifanya kazi hupanda hadi 3.4. Ukiona 95 na zaidi huku kasi ikishuka chini ya 2.8, ifungue. Ikikaa kwenye 80 hadi 85, iache ilivyo. Ukiona kasi imeganda kwenye 0.8 GHz na joto liko chini, weka bisibisi kando uangalie chaja: laptopu za Dell huitambua chaja kupitia pini ya katikati, na isipotambuliwa mashine hujibana na betri haichaji.

Usilinganishe vipimo vyako na vya mtu wa Nakuru. Joto la chumba likipanda nyuzi moja, la prosesa nalo hupanda karibu moja, na chumba cha mabati Nyalenda saa nane mchana si sawa na sebule ya Nakuru jioni. Kisha kuna wale wadudu wa ziwa wanaofuata taa usiku. Wakivutwa na feni, mizoga yao hushikana na vumbi.

Vumbi hilo halitoki kwa kupuliza kutoka nje. Hujikusanya kati ya feni na mapezi ya shaba, likawa kama mkeka. Ukilipuliza kupitia tundu la nyuma unalirudisha tu ndani ya feni. Zima mashine, chomoa chaja, toa kifuniko kwa bisibisi ndogo ya msalaba (PH0 au PH1), na kabla ya kugusa chochote kingine chomoa plagi ya betri kwenye bodi. Chora umbo la laptopu kwenye kadibodi uchomeke kila skrubu mahali pake, maana skrubu ndefu ikirudi kwenye tundu la fupi hutoboa plastiki ya juu. Ng'oa feni, toa mkeka kwa kibano, malizia kwa brashi laini. Ukipuliza, zuia mapanga kwa kidole, kwa sababu yakizungushwa kwa kasi ya upepo huumiza beringi. Kompresa ya gereji usiitumie: hose yake hutema maji na mafuta.

Sasa pesti, ule uji unaopitisha joto kati ya chipu na sahani ya shaba inayoipoza. Skrubu za sahani ya shaba huwa na namba. Zilegeze ukianzia namba kubwa, zikaze ukianzia moja, kidogo kidogo kwa zamu. Sahani ikigoma, izungushe taratibu badala ya kuivuta. Safisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya duka la dawa wakati mwingine huwa na mafuta ya mbarika na huacha utando. Chipu za laptopu ziko wazi, hazina kofia ya chuma, kwa hiyo paka tabaka jembamba lifunike chipu nzima hadi pembeni. Pesti nyepesi sana husukumwa nje kadiri chipu inavyopashwa na kupoa, na baada ya miezi michache joto linarudi palepale. Ukipata karatasi ya PTM7950, inayowekwa badala ya pesti, chukua hiyo: unaikata saizi ya chipu, hulainika kwenye nyuzi 45 hivi na haikimbii. Metali ya maji, yaani pesti ya chuma kimiminika, achana nayo. Hupitisha umeme, na galiamu iliyomo hula alumini.

Mafundi wengi hukosea kwenye pedi, vile vipande laini vinavyopitisha joto. Kumbukumbu za kadi ya picha na vidhibiti vya umeme hupozwa kwa pedi za milimita 0.5, 1 au 1.5, na unene hutofautiana ndani ya mashine moja. Pima zile za zamani pale ambapo hazijabonyezwa. Ukiweka ya 1.5 mahali pa 1, sahani huinuka, haigusi chipu vizuri, na mashine hutoka kwa fundi ikiwa moto kuliko ilivyoingia. Ukijaza pesti badala ya pedi, panabaki pengo lisilopitisha joto.

Baada ya hapo, punguza joto bila bisibisi. Zuia gemu isizidi fremu 60 kwa sekunde kama skrini yako ni ya 60 Hz, zilizobaki huzioni. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, weka kiwango cha juu cha prosesa asilimia 99, na ule mpando wa kasi utazimika. Programu ya ThrottleStop inaweza kupunguza volti za prosesa: anza na -50 mV, shuka kumi kumi, ukipata skrini ya bluu rudi nyuma hatua mbili. Kama BIOS, programu ya msingi ya bodi, ilisasishwa baada ya Desemba 2019, huenda njia hiyo imefungwa. Vifuniko viwili vya soda chini ya ukingo wa nyuma husaidia kuliko watu wanavyodhani. Vibao vya feni vya USB vya kuwekea laptopu naviona ni taa tu za urembo.

Pesa zikibaki, nunua SSD, diski isiyozunguka, kabla ya RAM. Hakikisha kwanza kama tundu la M.2 linakubali NVMe au SATA pekee (ni aina mbili za SSD), kwani SSD huingia vizuri na bado isionekane. RAM weka mbili za GB 8 za DDR4 badala ya moja ya 16, ili njia zote mbili za kumbukumbu zitumike. Kadi ya picha kwa kawaida imechomelewa kwenye bodi, haibadilishwi. Na kifuniko kikiwa bado wazi, ikague betri: ikiwa imevimba na kuisukuma padi ya kipanya juu, itoe siku hiyohiyo, usiitoboe wala kuibonyeza irudi.