Siku moja ya mwalimu wa Kiswahili, Mombasa

Saa kumi na mbili asubuhi. Matatu imejaa. Utingo anamgonga abiria begani: "Nauli, mzee! Kwani wewe kiziwi?" Watu wanacheka. Mfano wa somo la leo nimeupata kabla ya chai.

Saa mbili na nusu. Kidato cha Tatu, fasihi simulizi. Nataka methali zinazogusa ulemavu. Inatangulia "Hujafa hujaumbika", inafuata "Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho". Nauliza: hapa nani anasema, na nani anasemwa? Mabishano yanazuka. Mmoja anatetea wahenga: walimkanya anayecheka. Ni kweli, lakini walimkanya kwa kumwonyesha mwenzake kama ajali inayomngoja. Huruma ya aina hiyo mimi siichangamkii.

Nawasomea kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Mara moja daftari zinajaa "mtu mwenye ulemavu wa kuona", "mtu mwenye ualbino". Kukariri tunakuweza, hasa tukinusa alama za mtihani.

Ndipo mwanafunzi anayetembelea magongo ananyoosha mkono. "Mwalimu, hata mkiniita mfalme, chumba cha kompyuta bado kiko ghorofani."

Wanacheka, kisha wanaona hakuna cha kuchekesha. Wenzake wakipanda, yeye hubaki chini akinakili vitini. Nasoma kifungu kilekile, mbele kidogo: haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Kengele inalia.

Saa nne, chai. Mwenzangu ananiambia nafundisha siasa.

Saa nane. Kipindi cha insha, barua rasmi kwa bodi ya shule. Rasimu ya kwanza imejaa "tunaomba mumhurumie mwenzetu". Mwenyewe anachukua kalamu, anaikata sentensi yote, anaandika "Kwa mujibu wa kifungu cha 54". Ombi lao ni rahisi: kompyuta zishushwe kwenye stoo ya madawati mabovu, madawati yapande juu. Hata saruji haihitajiki.

Saa kumi. Mwalimu mkuu anaisoma barua amesimama. "Nani kawaandikia?"

"Wameandika wenyewe."

Anaitia kwenye faili la bodi. Bodi itakutana muhula ujao. Nimewaambia wabaki na nakala, yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa.