Kazi niliyokuwa naikwepa kila jioni

Kushona hakujawahi kunishinda. Naweza kukaa kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka giza liingie, nikainuka mgongo unauma lakini roho imetulia. Kilichokuwa kinanimaliza ni kazi ambayo mteja haioni: kuandika mapato na matumizi, kupiga hesabu ya gharama kabla ya kutaja bei, kudai madeni, na kumwambia mtu kwamba nguo yake haitakuwa tayari siku niliyoahidi. Miaka miwili ya mwanzo nilijilaumu kwamba mimi ni mvivu. Sasa naona uvivu haukuwa tatizo. Kazi zile zilikuwa hazina siku, hazina saa wala mahali pa kuanzia, kwa hiyo kila mara ilinibidi nijivute upya.

Nianze na daftari. Risiti nilikuwa nazitupia kwenye mfuko, nikiamini kwamba mwisho wa mwezi nitatenga siku nzima nizimalize. Mwezi ukiisha mfuko umevimba, na risiti nyingine hazisomeki. (Karatasi nyingi za mashine za risiti hazitumii wino, huchapwa kwa joto, kwa hiyo ukiziweka karibu na pasi huwa nyeusi, na zikikaa sana maandishi hufifia. Hilo nililijua baada ya kupoteza kumbukumbu za manunuzi ya vitambaa vya miezi kadhaa.) Hata zile zilizosomeka zilinitesa. Uzi huu niliununua kwa oda ya nani? Hizi zipu kumi zilikwenda wapi? Siku nzima inapita nikiwa nabahatisha, na mwezi unaofuata naogopa mfuko zaidi ya mwezi uliopita.

Kilichonisaidia ni wazo la mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, aliyeandika mwaka 1999 kuhusu tofauti kati ya kuwa na nia tu na kuwa na mpango unaotaja lini, wapi na kwa namna gani. Mpango huo huwekwa kwa sura ya "likitokea jambo hili, nitafanya lile." Nikatafuta jambo ambalo kila siku lazima litokee kwenye chumba changu cha kazi. Nikalipata: kuchomoa pasi. Hilo sisahau hata nikiwa nimechoka vipi, maana naogopa moto. Basi nikajiwekea kwamba nikichomoa pasi, nafungua daftari. Daftari nikalihamishia pale pale kwenye meza ya kupigia pasi, kalamu nikaifunga kwa uzi, kwa sababu kutafuta kalamu peke yake kulinitosha kuwa kisingizio cha kusema "nitaandika kesho." Safu ni nne tu: tarehe, maelezo, kilichoingia, kilichotoka. Dakika kumi zinatosha, na siku yenye wateja wachache hata tano. Kazi ya kuandika ni ile ile niliyokuwa naikimbia, ila sasa naikuta ikiwa ndogo, na kumbukumbu ya siku bado iko kichwani.

Hesabu za bei zinahitaji utulivu zaidi, kwa hiyo kwa hizo naweka kengele ya dakika 25, kisha napumzika dakika tano. Ni utaratibu wa Francesco Cirillo, Mwitaliano aliyeanza kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya alipokuwa mwanafunzi. Kwenye kushona siutumii. Ukiwa katikati ya kuunga kola, kengele inakuharibia mkono.

Sasa madeni. Hapa ndipo nilipoteseka kuliko pote.

Mteja wangu wa siku nyingi alichukua nguo sita za shughuli moja, akalipa sehemu, akaahidi kumalizia Jumatatu. Jumatatu ikapita. Nikasema nisimsumbue, ni mtu wangu. Wiki ya pili nikaona haya kwa kuwa nimechelewa kuuliza. Mwezi wa pili nikaanza kumkasirikia kimyakimya, na akinitumia salamu naacha bila kujibu. Mwezi wa tatu nilihitaji fedha za kitambaa, nikampigia moyo unadunda.

"Dada yangu, mbona hukunikumbusha?" akasema. "Mimi nilijua nilishakumalizia."

Alituma salio jioni ile ile. Nilikaa na simu mkononi kwa muda, nikifikiria jinsi nilivyombebea kinyongo mtu ambaye hakujua kabisa kwamba namdai. Si wote wako hivyo. Wapo waliosahau kwa makusudi, na mmoja hajanilipa hadi leo, nimeshafunga ukurasa wake. Lakini nilielewa kwamba uzito mkubwa wa kudai ulitokana na kutokujua niseme nini. Kila deni nilikuwa natunga maneno upya, nayapima, nayafuta, mwisho naahirisha.

Kwa hiyo siku moja, nikiwa nimetulia na sina hasira na mtu yeyote, niliandika ujumbe wa kudumu. Wa kwanza unakwenda siku ya ahadi yenyewe: "Habari za leo. Nakukumbusha salio la nguo ulizochukua tarehe fulani. Leo ndiyo siku tuliyokubaliana. Asante." Wa pili baada ya wiki, na huo unauliza swali moja: "Naomba unijulishe utamalizia lini." Wiki ya tatu napiga simu. Nabadilisha jina, kiasi na tarehe tu. Sitafuti tena ujasiri wa kuanza mazungumzo, kwa sababu maneno yapo tayari na siku yake inajulikana.

Dawa iliyokwenda kwenye mzizi, hata hivyo, ilikuwa kuhamisha mazungumzo ya fedha yaje kabla ya mkasi. Sikati kitambaa bila nusu ya malipo, na hilo limeandikwa kwenye kadi ya oda chini ya vipimo: kifua, kiuno, nyonga, urefu, kisha bei, kilicholipwa, salio na tarehe ya kuchukua. Mteja anasoma, anaweka sahihi. Nilidhani watanikimbia. Waliobaki ni wengi kuliko nilivyotarajia, na wawili watatu waliokasirika ndio hao hao waliokuwa wamejaa kwenye orodha ya madeni.

Zipo pia kazi ambazo si ngumu ila zinachosha: kupinda pindo kwa mkono, kushona vifungo, kufumua mshono uliokosewa. Hizo naziambatanisha na hadithi ninazopenda kusikiliza, na nimejiwekea sharti kwamba hadithi hizo sizisikilizi wakati mwingine wowote. Mtafiti wa Marekani, Katherine Milkman, na wenzake walijaribu jambo kama hili, wakachapisha matokeo mwaka 2014: watu waliopata hadithi za kusisimua kwenye ukumbi wa mazoezi pekee walihudhuria kwa asilimia 51 zaidi mwanzoni, ingawa baada ya likizo nguvu hiyo ilipungua. Kwangu pia hupungua, na hapo nabadilisha hadithi. Ila usijaribu ukiwa unapiga hesabu. Masikio yakiwa kwenye hadithi, tarakimu zinaruka.

Iliyobaki ngumu mpaka leo ni kumwambia mteja nimechelewa. Zamani nilikuwa nasubiri mpaka afike mlangoni, nianze kueleza huku nikimtazama anavyobadilika uso. Siku hizi, nikishajua tu kwamba sitawahi, simu ile inakuwa kazi ya kwanza asubuhi, kabla sijawasha cherehani. Alhamisi iliyopita zipu ya gauni ilipasuka wakati namalizia, na sikuwa na nyingine ya rangi ile. Kesho yake asubuhi nikampigia mwenye gauni, nikamweleza kilichotokea na siku ambayo litakuwa tayari kweli. Akanyamaza kidogo, akasema sawa, shughuli yenyewe ni Jumapili, atapita Jumamosi mchana. Nikaandika siku mpya kwenye kadi yake, nikatunga uzi.