Mafuta ya midomo yasiyotoka jasho: nta ya kiwandani imeingia

Lengo la mradi ni lile lile: mafuta ya midomo ya kijiti yatakayohimili Februari ya Dar bila kulegea mfukoni wala kutoa vijitone vya mafuta kwa juu. Toleo la nta ya nyuki peke yake nimeliweka kando. Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na ili kijiti kisimame ilibidi iwe karibu robo ya mchanganyiko. Kwa kiasi hicho kijiti kinavuta midomo badala ya kuteleza.

Sasa nimeingiza nta ya kiwandani, ile ya njia ya Fischer-Tropsch. Wajerumani Franz Fischer na Hans Tropsch ndio walioibuni miaka ya 1920: gesi ya kaboni monoksaidi na haidrojeni huunganishwa kuwa minyororo mirefu ya haidrokaboni. Siku hizi Afrika Kusini inaizalisha kwa wingi. Ni chembechembe nyeupe zisizo na harufu, na gredi niliyonunua huganda karibu nyuzi 98.

Bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka halifiki joto hilo kirahisi. Lakini hakuna haja ya kuiyeyusha nta peke yake. Itie kwenye mafuta tangu mwanzo, itayeyukia humo kwa joto la chini zaidi. Gramu 8 za nta ndani ya gramu 92 za alizeti zilikuwa angavu kabisa kabla kipimajoto hakijagusa 90.

Nta ikipoa hujenga fuwele nyembamba zinazoshikana kama wavu, mafuta yakanaswa katikati. Fuwele zikiwa ndogo, wavu unabana; zikiwa kubwa mafuta yanaponyoka, na jasho lenyewe ndilo hilo. Kwa hiyo napoza haraka, vikopo nikiviweka kwenye trei ya maji baridi, na mafuta yakianza tu kuwa na ukungu sikorogi tena, maana mwiko unaukatakata wavu. Mchanganyiko ule ule ulioachwa upoe taratibu sufuriani uliamka laini, juu unang'aa mafuta.

Mafuta ya nyonyo nimeyatoa. Hayapatani na nta za haidrokaboni kama hii ya kiwandani, yakipoa hujitenga. Anayeupenda mng'ao wake abaki na nta ya nyuki au ya mmea uitwao kandelila.

Kwa gramu 8 kijiti ni kigumu, lakini kinavunjika pwaa ukikibonyeza pembeni. Pia nta hii husinyaa sana ikiganda: kijiti kinachomoka kwenye kalibu bila shida, ila katikati kinabaki na shimo. Ninachokwenda nacho sasa ni gramu 4 za nta ya kiwandani, 10 za nta ya nyuki ya Tabora, 20 za siagi ya kakao na 66 za alizeti. Nta ya nyuki ndiyo inayokipa unyumbufu.

Shangazi alikipaka, akasema, "Mwanangu, kimekaa vizuri, ila hakinukii kitu." Kweli. Mchanganyiko unaganda mapema, kwa hiyo mafuta ya mnanaa lazima yaingie ukiwa bado moto, na sehemu ya harufu inaruka na mvuke. Nimeshaloweka maganda ya vanila kwenye chupa ya alizeti. Yakikolea, nitapika na mafuta hayo.